Tangu 1966: Televizyo ya taifa na njia yake ndefu hadi Masisi na Walikale

Ikifika saa mbili ya usiku mjini Kinshasa, taarifa ya habari ya RTNC inaanza. Huku kwetu imekwisha kuwa saa tatu. Mashariki ya Congo iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na kile ambacho watu wanaita tu "journal" kinaanza wakati wakaaji wengi wa Nyabiondo, Mweso ao Pinga wamekwisha kufunga milango, na mwenye butike amezima jenereta ili mafuta yabakie ya kesho. Wenye kuwa na paneli ya jua wanachagua: kuchaji simu ao kuangalia televizyo. Wengi wanachagua simu.

Televizyo ya taifa ilianza kurusha picha Kinshasa katika mwezi wa Novemba 1966. Ni karibu miaka 60. Katika muda huo imebadilisha majina, imebadilisha mabwana, imevamiwa, imegombaniwa. Kwa mkaaji wa Masisi ao wa Walikale, swali limebaki lile lile: je, habari hiyo inanihusu, na je, mimi nitaonekana humo siku moja bila kuwa maiti ao mkimbizi?

Kwanza kulikuwa redio. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka wa 1940, wakati wa vita ya pili ya dunia. Uhuru ulipofika, wanasiasa walikwisha kuelewa kwamba anayeshika redio ndiye anayeshika nchi. Tarehe 5 Septemba 1960, Rais Joseph Kasavubu alitangaza kwenye redio kwamba anamwachisha kazi Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Usiku ule ule Lumumba naye alikwenda kwenye redio kumjibu. Kesho yake Umoja wa Mataifa ukafunga kituo. Huo ndio urithi ambao televizyo iliukuta.

Joseph-Désiré Mobutu alichukua mamlaka tarehe 24 Novemba 1965, na televizyo ilizaliwa mwaka mmoja baadaye, karibu kabisa na sikukuu ya mapinduzi yake. Hiyo haikuwa bahati. Chombo kilizaliwa kikiwa cha mkubwa, na kwa muda mrefu hakikujua kufanya kazi nyingine. Nchi ilipopewa jina la Zaire mwaka wa 1971, kituo nacho kikawa Sauti ya Zaire, La Voix du Zaïre. Mwaka wa 1981 kikapewa jina la OZRT. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Wafaransa, kulijengwa Lingwala ule mnara mkubwa wa redio na televizyo ambao hata leo mtu akifika Kinshasa anauona kutoka mbali.

Watu wenye umri wanakumbuka mwanzo wa taarifa ya habari ya wakati ule. Kabla msomaji hajasema neno, mawingu yalitokea kwenye kioo, na kati ya mawingu uso wa Mobutu ulikuwa unashuka polepole kama vile unatoka mbinguni. Ndipo habari ilianza. Mwanzoni mwa 1975 mambo yalifika mbali zaidi: kwa majuma kadhaa vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote. Waziri alitajwa kwa cheo chake tu. Jina lilikuwa moja. Na kati ya hotuba na hotuba zilikuwa ngoma za chama cha MPR, vijana na akina mama wakicheza kwa vitenge vyenye picha ya Rais.

Milima na msitu

Mimi niliiona televizyo mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kule Masisi-Centre. Aliiunganisha kwa betri ya gari. Sisi watoto tulikaa chini, wazee kwenye viti. Sauti ilikuja, mtu akisema Kifaransa haraka haraka. Picha haikuja. Kulikuwa chembe nyeupe tu zikicheza kwenye kioo, na kivuli cha mtu nyuma yake, kama anayetembea katika ukungu wa asubuhi. Tulikaa mpaka betri ikaisha. Hakuna aliyeondoka akisema hakuona kitu.

Ule ukungu una sababu. Mawimbi ya televizyo yanakwenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Yakikuta mlima, yanakoma. Na Masisi ni milima, mingine inapita mita 2000, kutoka pale unapoacha Sake na kuanza kupanda Mushaki. Kati ya Goma na Masisi-Centre ni kilometa 80 tu kwa barabara, lakini kwa antene ya televizyo ni kama kuta juu ya kuta. Redio ya mawimbi mafupi inaruka, inagonga anga na kurudi chini mbali sana. Kwa hiyo mkulima wa Katoyi aliweza kusikia Brussels ao London kabla hajaweza kuona Goma.

Walikale ni jambo lingine tena. Wilaya hiyo ina kilometa za mraba zaidi ya 23.000. Peke yake ni karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo lote la Kivu Kaskazini, na inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima. Ukishuka kutoka milima ya Masisi unaingia katika msitu mkubwa, na kutoka Goma hadi Walikale-Centre ni zaidi ya kilometa 100 hata kwa mstari wa ndege. Barabara ya taifa nambari 3 inaunganisha Bukavu, Walikale na Kisangani kwenye ramani. Wakati wa mvua, dereva wa lori ndiye anayejua kama kweli inaunganisha. Zaire ilijenga vituo 14 vya ardhini vya satelaiti ya ndani ili sauti na picha za Kinshasa zifike kwenye miji ya majimbo. Picha zilifika mjini. Kutoka mjini kwenda kijijini ilihitajika mitambo mingine ya kurudisha mawimbi, umeme wa kuiendesha na mtu wa kuilinda. Hapo ndipo mambo yalikwama.

Na njia ya kurudi ilikuwa mbaya zaidi. Mwandishi wa habari aliyepiga picha Walikale alipaswa kuituma kaseti. Kwa muda mrefu ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, pale Kilambo, kuja kubeba kasiterite. Kaseti ingeweza kupanda kati ya magunia ya madini, ifike Goma, na kutoka Goma iende Kinshasa, zaidi ya kilometa 1500. Madini yalikuwa na nafasi kila siku.

Wakati kioo kilipofunguka kidogo

Tarehe 24 Aprili 1990, kule Nsele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Alilia mbele ya kamera. Kwa nchi iliyokuwa imezoea kumwona akishuka kutoka mawinguni, kumwona akifuta machozi kulikuwa kitu kikubwa kuliko maneno aliyosema. Mwaka uliofuata ukaanza Mkutano Mkuu wa Taifa, na mijadala yake ilipita kwenye redio na televizyo. Watu waliacha kazi ili kusikiliza. Kwa mara ya kwanza Wazaire waliwasikia Wazaire wengine wakimsema mkubwa kwa jina. Serikali ilipousimamisha mkutano huo katika Januari 1992, kundi la askari liliingia katika kituo cha redio ya taifa na kuomba mkutano ufunguliwe. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Februari, Wakristo wakaandamana Kinshasa na damu ikamwagika.

Lakini angalieni tarehe nyingine. Machi 1993, vita vya wenyeji vililipuka katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na vikaenea mpaka Masisi yote. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu, na waliokimbia makwao walikuwa robo ya milioni hivi. Mobutu mwenyewe alikuja Goma katikati ya mwaka ule, akaleta askari wake wa ulinzi wa Rais. Mtu wa leo akitaka kujua uso wa Masisi ya 1993, atakuta ripoti nyingi za mashirika na picha chache sana. Mwaka uliofuata, Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, na dunia yote ikatua pale na antene zake za satelaiti. Kutoka Goma mpaka Masisi ni zile zile kilometa 80. Kamera nyingi hazikupanda mlima.

Ni katika siku hizo ndipo redio ndogo zilipata nguvu. Bukavu, Radio Maendeleo ilikuwa imeanza 1993. Agosti 1994 tawi la Uswisi la shirika la Reporters sans frontières likaanzisha Radio Agatashya, ambayo ilinyamaza vita vya 1996 vilipofika.

Anayeshika Goma anashika mtambo

Kutoka 1996, mji wa Goma umeponyoka mikononi mwa Kinshasa mara nne. AFDL iliuchukua mwanzoni mwa Novemba 1996. Tarehe 17 Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alikuwa na mamlaka Kinshasa. Nchi ikarudia jina la Congo, na OZRT ikawa RTNC. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Agosti 1998, Kamanda Sylvain Mbuchi wa brigade ya 10 alitangaza kwenye redio ya Goma kwamba jeshi la mashariki halimtambui tena Kabila. Hivyo ndivyo wakaaji wengi wa Kivu walivyojua kwamba vita vya pili vimeanza: sauti kwenye redio, asubuhi, kabla ya uji. Mpaka 2003 Goma, Masisi na vituo vikubwa vya Walikale vilikuwa chini ya RCD. Taifa lilikuwa na televizyo moja kwa jina, na habari mbili zisizofanana.

Tarehe 16 Januari 2001 Kabila alipigwa risasi katika ofisi yake. Jioni ile alionekana kwenye RTNC Kanali Eddy Kapend, msaidizi wake, akiomba jeshi litulie na mipaka ifungwe. Hakusema kwamba Rais amekufa. Serikali ilikiri baada ya siku mbili. Watu wa Goma walikuwa wamekwisha kuipata habari kutoka redio za nje. Kasoro hiyo ya televizyo ya taifa haijapona hata leo: inajua mapema na inasema mwisho.

Mwezi wa Februari 2002 ilianza Radio Okapi, ya MONUC na Fondation Hirondelle, kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Ilikuwa ajabu kwa watu wa Masisi kusikia jina la kijiji chao likitajwa kwa Kiswahili, siku ile ile jambo lilipotokea, na pande zote mbili zikiulizwa. RTNC nayo inasoma habari kwa lugha nne za taifa, na hilo ni jambo jema ambalo redio nyingi za nje hazifanyi. Lakini kusoma kwa Kiswahili habari iliyoandikwa Kinshasa si sawa na kuuliza watu wa Kitchanga kwa Kiswahili chao.

Siku nne za Luvungi

Nikiulizwa mfano mmoja wa kuonyesha kwa nini habari si kitu cha kujifurahisha, nitataja Luvungi.

Kutoka tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha wa muungano wa Mai-Mai Sheka, FDLR na askari waliotoroka jeshi walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu baadaye watu 387 waliobakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Kambi ya askari wa MONUSCO ilikuwa Kibua, kilometa 20 hadi 30 kutoka pale. Hapakuwa mtandao wa simu. Washambuliaji walifunga barabara. Doria ya Umoja wa Mataifa ilipita siku ya mwisho na haikuambiwa kitu, maana watu waliogopa, na wengine waliona haya. Roger Meece, mkuu wa MONUSCO wakati ule, alieleza kwamba walijua habari ya ubakaji tarehe 12 Agosti, kutoka shirika la matibabu International Medical Corps. Magazeti ya Marekani yaliandika baada ya siku kumi nyingine.

Karibu majuma matatu. Katika majuma hayo, usiku kwa usiku, "journal" ilianza saa yake ya kawaida.

Sisemi kwamba mwandishi wa RTNC angeweza kusimama Luvungi na kuzuia kitu. Angekufa. Lakini kama pangekuwa na mtu mmoja wa habari Mpofi mwenye simu inayofanya kazi, na mtu wa kumpokea Goma, zile siku 13 zingeweza kuwa moja ao mbili, na mama aliyebakwa angepata dawa za kuzuia ukimwi ndani ya saa 72, muda ambao dawa hizo zinaweza bado kusaidia. Wengi hawakuzipata kwa muda huo. Ntabo Ntaberi Sheka alijitoa kwa MONUSCO mwaka wa 2017, na katika Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Nani analipa habari

Ukiangalia taarifa ya televizyo ya taifa juma zima, utaona mpango wake haraka: Rais amepokea, Waziri Mkuu ameongoza, waziri amefungua, kiongozi wa shirika la serikali amezuru. Mkutano, meza, maua ya plastiki, makofi. Wengine wanasema ni siasa tu. Ni siasa, lakini ni makuta pia. Waandishi wa Congo wana neno lao, "coupage": ni pesa ambayo mwenye shughuli anampa mwandishi ili habari yake ipite. Mishahara ya RTNC imekuwa midogo na ya kuchelewa kwa miaka mingi, na wafanyakazi wake wamegoma zaidi ya mara moja. Anayelipa usafiri wa kamera ndiye anayeonekana. Mama wa soko la Ndjingala hana cha kulipa. Mchimbaji wa Rubaya, ambaye koltani yake iko ndani ya simu za dunia yote, hana cha kulipa. Kwa hiyo wanaingia katika habari kwa mlango mmoja tu, ule wa msiba.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 24, inasema vyombo vya habari vya serikali ni utumishi wa watu wote, na kwamba pande zote za siasa na za jamii zina haki ya kuvipata kwa usawa. Ni kifungu kizuri. Kimewekwa pale ambapo msomaji wa habari hahitaji kukisoma.

Na watu waliokosa mlango wakati mwingine wanavunja ukuta. Asubuhi ya 30 Desemba 2013, vijana wa mchungaji Paul Joseph Mukungubila waliingia katika studio ya RTNC Kinshasa wakati kipindi kinaendelea, mbele ya watazamaji, wakawashika watangazaji. Uwanja wa ndege wa N'Djili na kambi Tshatshi vilishambuliwa saa hizo hizo. Picha ikakatika. Kwa muda, nchi nzima iliona kile tulichoona sisi watoto kwa mfanyabiashara wa ng'ombe: kioo kisicho na kitu.

Walikale, Machi 2025

Mara ya tatu Goma ilianguka Novemba 2012, kwa siku 11. Mara ya nne ni hii. Masisi-Centre ilichukuliwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025, na tarehe 27 mwezi ule waasi waliingia Goma. Serikali ya jimbo ilihamia Beni. Mtambo wa RTNC wa Goma ukafuata njia ya mji, kama ilivyo desturi. Wiki chache mbele ya hapo, Kinshasa ilikuwa imeondolea Al Jazeera kibali cha kazi kwa sababu ya mahojiano na kiongozi wa M23. Kwa hiyo mtu wa Masisi leo ana habari za Kinshasa zinazosema "adui", ana habari za Goma zinazosema "ukombozi", na kati ya hizo mbili ana simu yenye video za WhatsApp ambazo hajui zimepigwa mwaka gani.

Tarehe 19 Machi 2025 M23 iliingia Walikale-Centre. Kampuni ya Alphamin ilikuwa imesimamisha kazi Bisie siku chache mbele. Wakaaji walikwenda msituni. Tarehe 22, AFC/M23 ikatangaza kwamba inajiondoa Walikale ili kusaidia mazungumzo. Jeshi la serikali likajibu kwamba litangoja kuona, na likaomba Wazalendo wasishambulie. Tangazo lilizunguka dunia katika saa chache.

Waasi waliondoka kweli tarehe 3 Aprili. Kati ya tangazo na ukweli zilipita siku 12. Familia zilizokuwa kwenye mashamba, na watoto wenye malaria na chumvi ikiisha, zilipaswa kuamua kila asubuhi kurudi ao kungoja. Zilituma kijana mmoja kwenye pikipiki, mpaka pale alipothubutu kufika, aangalie kama kuna moshi kwenye majiko ya Walikale-Centre, na arudi kusema.